Mdudu wa ganda la vumbi aliyemtoa mtoto wangu PP2

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa tangu nikiwa na mimba. Leo naandika. Nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nisipojua nitasema sijui. Hapo pa sijui ni pengi, nawaonya mapema.

Naanza na siku niliyochemka.

Ilikuwa Jumatatu saa sita na nusu, saa ya kuchukua watoto wadogo. Nafika shule, nakuta Tunu wangu ameketi nje ya darasa peke yake, kwa kiti cha plastiki. Ana miaka mitano, PP2 ndiyo chekechea ya mwisho. Miguu haifiki chini. Juu amevaa vesti tu, na baridi ya Julai mnaijua vizuri.

Kando ya kiti kuna mfuko mweusi wa takataka, umefungwa mafundo mawili.

Wenzake wamejazana dirishani wanamchungulia. Mmoja anaimba, "Funza! Funza!"

Nikamuuliza mwalimu wake, Madam Felista, "Huyu mtoto amefanya nini?"

Akanijibu akiwa nusu ndani nusu nje ya mlango. "Mama Tunu, hii ni mara ya tatu. Tumempata na wadudu kwa sweta tena. Sweta iko kwa huo mfuko, usiufungue hapa, kaichome kwako. Na mtoto asirudi mpaka ulete barua ya afya kwamba nyumba imekaguliwa."

Hayo mbele ya wazazi. Kuna mama alimvuta mtoto wake akambana kwa paja.

Wakuu, nilipiga kelele. Maneno siyaandiki, watoto husoma simu zetu. Nilipiga kelele mpaka soja wa geti akaja akasimama katikati yetu, "Mathe, pole. Mathe, tulia kidogo." Nikavua sweta yangu nikamvalisha Tunu, ikamfika magotini. Nikabeba mfuko, nikambeba na yeye, tukatoka.

Sasa turudi nyuma ndio muelewe.

Mimi ni mfumaji, nakaa Ziwani, zile nyumba za zamani. Nanunua sweta za mitumba soko la Gikomba, za sufu ya kondoo, zile zilizopasuka kiwiko hakuna anayezitaka. Nazifumua, naosha uzi, nauanika, halafu nafuma shali za watoto wachanga na kofia. Sweta za shule nafuma pia, lakini hizo natumia uzi mpya wa nailoni kwa sababu rangi ya shule lazima ilingane. Sweta ya Tunu ya marooni niliifuma mwenyewe.

Mwanzo wa muhula nikapata ujumbe kwa diary ya mtoto. "Mtoto amepatikana na mdudu kwa sweta. Mzazi azingatie usafi."

Azingatie usafi! Mimi napiga deki asubuhi na jioni. Nilisoma hiyo sentensi mara nne nikiwa nimesimama.

Lakini nikaanza kuangalia kuta. Na nikaona.

Nyuma ya mlango wa bafu kulikuwa na kitu kama mbegu ya boga. Bapa, nene katikati, nyembamba ncha zote mbili, rangi ya vumbi la simiti. Nyinyi nyote mmekiona, msijifanye. Kwa mama yangu vilikuwepo, kwa shangazi vilikuwepo. Maisha yangu yote nilidhani ni uchafu wa ukuta, unapitisha ufagio, basi.

Siku hiyo nikakaa nikikitazama. Mbegu ikatembea.

Kichwa kidogo cha kahawia kikatoka kwa ncha moja, na vimiguu sita, kikavuta lile ganda zima juu ya ukuta kama mtu anayevuta mkokoteni. Nikakigusa na kijiti cha ufagio. Kikaingia ndani. Nikangoja. Kichwa kikatokea ncha ile nyingine, kikaanza kurudi kilikotoka.

Tunu akaniuliza, "Mami, ana vichwa viwili?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.

Ikabidi niulize watu, na hapo ndipo kichwa changu kilianza kuzunguka.

Jirani yangu Mama Bryo aliangalia sekunde moja akasema, "Hayo ni mayai ya mende."

"Yai linatembea, Mama Bryo?"

"Linatafuta joto." Alisema kwa uhakika mpaka nikaanza kujishuku mimi.

Mtu wa duka la dawa za mifugo akaniambia ni kupe ambaye hajakomaa. Akaniuzia unga wa kunyunyiza. Nikanyunyiza. Kupe wake akatembea juu ya huo unga akaenda zake.

Ujumbe wa pili kwa diary ukasema funza. "Mtoto amepatikana tena na funza wawili kwa sweta." Kwa asiyejua, funza ni yule anayeingia kwa kidole cha mguu, na mtu akisema mtoto wako ana funza hapa mtaani amekwambia mambo mengi kuhusu wewe na kwenu. Nilimvua Tunu viatu nikakagua kidole kimoja kimoja. Safi.

Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja mdudu yule yule amekuwa yai, amekuwa kupe, amekuwa funza. Na mimi ndiye mwenye nyumba anamotembea.

Kuna kitu Madam aliniambia wakati huo nikakisikia bila kukisikia. Alisema aliwapata hao wawili kwa sweta ikiwa imetundikwa. Watoto hutundika sweta kwa misumari ukutani wakienda kucheza. Msumari wa Tunu ni wa mwisho, umeshikana na mlango wa stoo. Sikulifikiria. Nilikuwa na aibu, na mwenye aibu hafikirii, anasugua tu.

Na niliposugua, nilifanya ujinga ambao mfumaji yeyote humu atanicheka.

Mama Bryo alisema, "Chemsha kila kitu cha sufu. Hakuna mdudu anaweza maji ya moto."

Wakuu, mimi najua sufu haichemshwi. Wateja wangu nawaambia kila siku, osha na maji baridi, usikamue, usianike kwa jua kali. Lakini nilichukua shali za oda, zilizokwisha, zimekunjwa vizuri, nikazitia kwa sufuria kubwa ya kupikia githeri, nikawasha moto, nikakoroga na mwiko.

Zilitoka zimejikunja, ngumu kama mkeka. Moja ilikuwa ya mtoto anayepelekwa kanisani kubatizwa. Niliiweka juu ya meza ikafunika kikombe.

Nikamuita Mama Bryo. "Hii bado ni shali?"

Akaigeuza, akaigeuza tena. "Ni ya mwanasesere." Halafu akaongeza, "Lakini angalau wadudu wamekufa."

Jioni hiyo hiyo nikapata mmoja anapanda ukuta juu ya jiko. Mzima, hana habari.

Ndipo nikakasirika na mdudu mwenyewe. Nikasema sasa nitakujua wewe ni nani. Biolojia nilifanya hadi kidato cha nne. Nakumbuka yai, kiluwiluwi, bundo, mdudu kamili, na kama huyu ni kitu cha katikati basi lazima kuna mwisho wake. Nikachukua chupa tupu ya siagi ya karanga, nikatoboa kifuniko na sindano, nikaweka watatu ndani.

Baba Tunu yuko kazini Nakuru, huwa anapiga simu Jumapili. Tunu akamwambia kila kitu kabla sijashika simu.

Nikasikia, "Mama Tunu. Unafuga wadudu kwa nyumba ya kupanga?"

"Nawachunguza."

"Na ukimaliza kuwachunguza utawapeleka wapi, Form Two?"

Nikamkatia.

Sasa wale mnaopenda maarifa, hapa ndipo pa kusoma polepole.

Ndani ya chupa niliweka utando wa buibui kutoka kona ya dari, nywele kutoka kwa kitana changu, na vipande vya uzi wa aina mbili: sufu ya waridi niliyoifumua, na nailoni ya marooni.

Utando walikula. Nywele sina uhakika, zilikuwa zinapungua au mimi ndiye niliyekuwa nawaza zinapungua. Nailoni hawakuigusa kabisa. Sufu ya waridi waliitafuna, na si kutafuna tu. Baada ya siku kama tisa niliona mmoja wao ganda lake limeota ukingo wa waridi, ncha zote mbili. Katikati bado ni vumbi la simiti, mwishoni ni waridi.

Nilikaa nikiangalia hiyo rangi muda mrefu. Tunu alifurahi kuliko mimi. "Amefuma!" Na ni kweli, amefuma. Anatoa uzi wake mwembamba kutoka mdomoni, anaunganisha na chochote kilicho karibu, na akinenepa anaongeza nyumba badala ya kuhama. Vichwa viwili pia nikaelewa: ni mmoja tu, ganda liko wazi pande zote, anageukia ndani kama mtu anayegeuka kitandani.

Usumbufu ulikuwa jina. Kwa simu nilipata wawili wanaofanana. Kuna mmoja ganda lake ni la mviringo kama punje ya mchele, huyo anajulikana kwa kula nguo. Mwingine ganda lake ni bapa kama mbegu, huyo ni wa kuta, anapenda utando wa buibui na vumbi la nyumba, Kiingereza wanamwita household casebearer. Wote wawili ni nondo. Wote wakiwa wakubwa wanasemekana kuwa wa kijivu na madoa. Ukisoma ukurasa mmoja unasema hawa hawali nguo, ukisoma wa pili unasema wanakula wakipata sufu. Nilizima simu nikiwa mjinga kuliko nilivyoiwasha.

Nikabeba chupa hadi Gikomba kwa Auntie Njambi, ambaye ndiye huniuzia sweta. Amekaa kwa sweta miaka mingi kuliko umri wangu.

Aliinua chupa kwa mwanga akacheka. "Wewe mfumaji mzima unaogopa ganda?"

"Auntie, mtoto anafukuzwa shule."

Akaacha kucheka. Akanieleza kwamba nondo wa kumaliza balo la sweta habebi ganda. Yule hutandaza utando hapo hapo kwa nguo, na akikua ni mdogo, anang'aa kama nyasi kavu, anakimbia ukimfunua. "Huyu wako ni wa ukuta. Anakula takataka za buibui. Lakini ukimwekea sufu mahali pa giza, pasipoguswa, atakaa, atazaa, hatatoka. Huyu anapenda nguo iliyosahaulika."

Nikamwambia sweta ya mtoto ni nailoni.

"Umechoma?"

Kwa wasiojua, hii ndiyo njia ya Gikomba. Unavuta uzi mmoja, unaushika kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa shanga nyeusi, ni nailoni.

"Sihitaji kuchoma, nilinunua uzi mwenyewe."

"Basi kwa sweta hiyo hana chakula. Alikuwa anapita tu." Akanirudishia chupa.

Nilirudi nyumbani na furaha ya siku moja. Siku ya pili ndiyo ile Jumatatu ya kiti.

Sasa twende mbele.

Jumanne nikaenda ofisi ya afya ya hapa karibu kutafuta barua. Nikaeleza. Afisa akanisikiliza vizuri, akaangalia chupa.

"Mama, huyu haumi?"

"Haumi."

"Haleti ugonjwa?"

"Mimi ndiye nakuuliza wewe."

"Haleti. Sasa barua niandike nini? Kwamba nimekagua nyumba nikakuta nondo? Kama ni kipindupindu ningekuja na gari."

"Niandikie tu hana funza."

"Hiyo ni ya hospitali."

Hospitalini wakamuangalia Tunu miguu, wakasema hana kitu, na kwa kuwa hana kitu hakuna cha kuandika. Nikasisitiza. Wakaandika kwa kijitabu chake, "Mtoto mzima." Nikapeleka shule. Madam Felista akasema hiyo ni ya mtoto, yeye ameomba ya nyumba. Na kama ya nyumba haitafika kufikia mwisho wa mwezi, nafasi ya Tunu itapewa mtoto mwingine, kuna wazazi wamepanga foleni.

Mnaona hapo? Nyumba haiwezi kupata barua kwa sababu haina ugonjwa. Mtoto ana barua lakini si yeye anayetakiwa kuwa nayo. Nilikaa kwa ngazi za shule nikajaribu kulipanga hilo kichwani likakataa kupangika.

Wiki mbili Tunu alikaa nyumbani. Alicheza shule na chupa. Yeye mwalimu, wadudu wanafunzi. Nilimsikia anawaambia, "Wewe nenda ukae nje." Nikaingia bafuni nikafungua maji.

Wakati huo wale watatu walikuwa wameacha kula. Walipanda juu ya chupa, wakajishikiza na uzi chini ya kifuniko, wakaning'inia kimya. Nilidhani wamekufa. Nikawaacha.

Asubuhi moja, nikipika chai, Tunu akaniita. Kwa ncha ya ganda moja kulikuwa na ngozi kavu imechungulia nje, kama mtu aliyeacha koti mlangoni. Na ukutani mwa chupa ametua nondo. Mdogo kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho. Kijivu, mabawa yameinama kama paa la mabati, na juu ya kila bawa madoa meusi machache yaliyofifia. Kichwani ana manyoya yamesimama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Hakula chochote nilichomwekea.

Ni huyu tu? Huyu ndiye amenitoa machozi muhula mzima?

Kwa maoni yangu ni yule wa kuta, kwa sababu ya ganda bapa. Kwa asilimia mia siwezi kuapa. Kuna mtu humu alisomea wadudu, tafadhali.

Sasa ule mfuko mweusi. Ulikuwa bado umening'inia nje kwa waya wa kuanika nguo, mafundo mawili. Nilishindwa kuichoma sweta niliyoifuma kwa mikono yangu, na nilishindwa kuifungua. Kila nikipita nilitazama pembeni.

Lakini asubuhi hiyo ya nondo nikajiuliza: kama sweta ni nailoni, na nailoni hawali, walikuwa wanatafuta nini mara tatu?

Nikafungua.

Wakuu, sweta haikuwa yangu.

Marooni, ndiyo. Saizi yake, karibu. Lakini mimi ukingo wa mkono nafuma mbili juu mbili chini, na hii ilikuwa moja juu moja chini, ya mashine, ya zamani, imetoboka kwapa. Ndani ya kola limeshonwa jina la mtoto mwingine ambaye simjui. Nikavuta uzi, nikawasha kiberiti. Nywele zilizoungua. Sufu.

Chini ya kola kulikuwa na maganda mawili. Na hayo maganda, wakuu, yalikuwa marooni. Marooni katikati, marooni ncha zote. Hakuna simiti, hakuna waridi. Wale walianza maisha yao kwa hiyo sweta, walijenga nyumba yao yote kwa hiyo sweta. Kwa jinsi nilivyoona kwenye chupa, hiyo si kazi ya asubuhi moja. Ni ya wiki nyingi.

Nikamuita Tunu. "Hii ni sweta ya nani?"

Akasema, kama mtu anayeulizwa rangi ya mbingu, "Ya gunia."

"Gunia gani?"

"La stoo. Nilimwagikiwa na uji. Madam akanipatia ya gunia. Halafu akaona mdudu akasema nitoe."

"Na yako?"

"Iko shule."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia. "Hukuniuliza."

Muhula mzima nimeuliza muuza dawa za mifugo, nimeuliza Gikomba, nimeuliza afisa wa afya, nimeuliza simu usiku na mchana. Na kitu nilichomwambia mtoto wangu jioni ile ya kiti, niliandike tu hapa, ni, "Unanitia aibu kila siku kwa nini?" Hilo ndilo swali pekee nililomuuliza.

Nilimshika mkono tukaenda shule saa hiyo hiyo, mimi na kandambili.

Mwalimu mkuu alitupokea. Ni mzee wa kiasi, hapendi fujo. Nikaweka sweta mezani, nikaweka maganda mawili kwa karatasi nyeupe, nikaeleza. Akamuita Madam Felista. Akaagiza stoo ifunguliwe tuchukue sweta ya Tunu.

Ilikuwa pale, juu ya gunia, imekauka na uji mpaka inasimama yenyewe. Chini yake ni gunia la sweta zilizopotea, za miaka, hakuna aliyezidai. Madam alipovuta ya juu, wakaruka. Wadogo, wa kijivu, kama vumbi la blanketi ukilikung'uta. Ukutani maganda yamepanga mstari hadi kwa mlango, na mlango unatokea kwa msumari wa Tunu.

Mwalimu mkuu akainama akayaangalia.

Madam Felista akapunga mkono mbele ya uso wake akasema, "Hao ni vipepeo tu."

Naapa. Kwa mtoto wangu walikuwa funza. Kwa stoo yake ni vipepeo tu.

Safari hii sikupiga kelele. Nikamgeukia mwalimu mkuu nikasema, "Basi Jumatatu Tunu anarudi."

Akakuna shingo. "Mama, nakuelewa. Lakini tulishaandika kwa faili yake kwamba ana funza na nyumba haijakaguliwa. Ikishaandikwa lazima ijibiwe kwa barua. Utaratibu ndio huo."

"Na hiyo faili inaenda wapi?"

"Inamfuata Grade One."

Hapo ndipo niliacha kuongea na shule. Jana nimeenda ofisi ya elimu. Karani akanipa fomu.

"Aina ya lalamiko? Kuna karo, kuna viboko, kuna uhamisho, kuna mengineyo."

"Mengineyo."

"Mengineyo gani?"

"Nondo."

Akaweka kalamu chini. "Madam, unamshtaki nondo?"

"Namshtaki mtu mzima. Nipe karatasi ya ziada, hapa hapatoshi."

Akanipa. Hata akanisogezea kiti.

Nilichojifunza ni kimoja. Mtoto wako akishutumiwa, anza na yeye. Usianze na jirani, usianze na Google, usianze na sufuria. Muweke chini umuulize ilikuwaje, halafu nyamaza usikie. Mengine ya mdudu utayajua baadaye.

Nyinyi mngefanyaje? Wapo walimu humu, semeni bila kuniogopa, hasira imeshuka kidogo. Na kama kuna mahali barua niliyoiandika kwa ile karatasi imekosewa niambieni, ingawa tayari imepigwa muhuri wa kupokelewa. Nimeinakili neno kwa neno:

"Kwa afisa wa elimu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa PP2. Nalalamika kuhusu jinsi mtoto wangu alivyotendewa, si kuhusu mdudu.

Mdudu ni nondo mdogo wa kuta. Hang'ati na haingii mwilini. Kwangu yupo, sikatai. Shuleni yupo pia, kwa stoo ya sweta zilizopotea, na mwalimu mkuu amemuona pamoja nami. Nani alimletea mwenzake sijui na sitaki kubahatisha.

Ninachojua ni kwamba mtoto alimwagikiwa na uji, akapewa sweta ya shule, sweta ikapatikana na wadudu, akavuliwa, akakalishwa nje kwa baridi, akaitwa funza na wenzake, na mwalimu akiwa hapo hakuwakataza.

Naomba arudi darasani Jumatatu. Naomba neno funza lifutwe kwa faili yake kabla haijaenda Grade One. Naomba gunia la stoo litolewe lianikwe kwa jua, kwa ajili ya watoto wote.

Na naomba mwalimu wake amwambie Tunu kwamba hakufanya kosa. Asimwambie ofisini wala kwa simu yangu. Amwambie darasani, mbele ya wale watoto waliokuwa dirishani, na amtaje kwa jina.

Mimi kwa upande wangu nimeshamwambia."